Mtoto Asiyesikia Moto

Jumatatu, 5 Machi 2012

Hapana, afande, sikuandikii kesi. Ndivyo nilimjibu Obwona leo asubuhi aliponikuta nimekaa juu ya gunia la makaa na kalamu mkononi. Obwona ni polisi na ni jirani yangu, mlango wake na wangu vimetenganishwa na kamba ya nguo tu. Polisi akiona mtu anaandika, roho yake haitulii.

"Sasa unaandika nini, Mkenya?"

"Naandika mvua."

"Mvua inaandikwa?"

"Kwa mtu wa chapati, mvua ndiyo bosi. Bosi akichelewa unaandika, akija mapema unaandika."

Akacheka mpaka kofia ya serikali ikaanguka kwenye matope.

Ukweli ni huu. Daftari hii Loice, mke wangu, alimnunulia Whitney, mtoto wetu. Ana miaka mitano, yuko chekechea hapa nyuma ya soko la Nakawa. Whitney aliandika herufi moja tu, akabonyeza penseli mpaka ikatoboa karatasi tatu ikavunjika. Penseli ya nne hiyo tangu muhula uanze. Loice akasema daftari imeharibika. Mimi situpi kitu. Kule Bungoma niliishia darasa la tano, basi darasa la sita nitalisomea humu.

Mvua imeanza saa kumi jioni. Chapati zilizobaki tumekula sisi, na chai.

Jumatano, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hakuna kitu.

Ijumaa, 9 Machi

Leo nimegundua kwamba nimezaa shujaa.

Whitney akitoka shule saa sita anakuja kukaa kwangu kwenye kibanda mpaka Loice arudi kutoka Bugolobi, kiwandani, anakochagua kahawa. Leo wateja walikuwa wamejaa. Mmoja ni Kidega, yule wa bodaboda anayekula roleksi tatu, chapati za kukunjia mayai, na kulalamika kwamba mayai ni madogo. Mimi nakata nyanya, sijui hili wala lile. Whitney akasikia njaa, akanyoosha mkono, akashika chapati iliyo juu ya kikaango kabisa, kwa kiganja kitupu. Akaikunja. Akala.

Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, vidole vyangu vimekuwa kama soli ya kiatu, na bado napuliza!

"Sebo, bwana!" Kidega akasema. "Huyu mtoto umemtengeneza na chuma?"

Nikamwambia, rafiki, sisi ni Wabukusu. Kwetu kijana anasimama uchi mbele ya kisu cha tohara, amepakwa matope, ukoo mzima unamwangalia jicho. Akipepesa tu, wanamsema mpaka azeeke. Asipopepesa, wanampigia nyimbo. Mimi sikupepesa. Basi damu ni damu, ila Mungu alichanganya mafaili akanipa msichana.

Kiganja kilikuwa chekundu kidogo. Nikampaka mafuta ya kupikia. Yeye alikuwa anaangalia vile mafuta yanang'aa.

Jumatatu, 12 Machi

Nimeita watu: "Njooni muone mtoto wa Bungoma anayepakua moto kwa mkono!" Wamekuja wengi kuliko siku ya mchujo wa mpira. Whitney akachukua chapati moja, akampa Kidega. Kidega ndiye alipiga kelele, akairusha mkono huu na mkono huu kama mtu anacheza na kifaranga. Watu wamecheka mpaka mvua ikatukuta hapo. Unga umeisha wote.

Loice sijamwambia. Loice anaogopa hata kuku akikohoa.

Jumanne, 13 Machi

Tena. Unga umeisha saa tisa.

Alhamisi, 15 Machi

Nimemwita Whitney mara sita akiwa hatua tatu kutoka kwangu. Mara ya saba nikasema "soda," nikajua huyo sasa atageuka. Hakugeuka. Obwona anasema mtoto huyu ana kiburi cha wakubwa, akiwa mtu mzima wampeleke polisi awe anakataa kupokea simu za wananchi.

Masikio yake ni mazima. Jana nilinong'ona na Loice juu ya kununua kuku, na yeye kutoka kitandani akauliza ni kuku wa rangi gani.

Jumamosi, 17 Machi

Mvua ya mawe. Watoto wote wa hizi nyumba walikimbilia ndani wakipiga yowe. Whitney alibaki uani, mawe yanampiga kichwani, amefungua mdomo. Santa, mke wa Obwona, ndiye aliyetoka kumbeba. Alimrudisha kwetu ana ndala moja. Ndala ingine ilibaki kwenye matope njia ya choo. Whitney hakujua kwamba mguu mmoja uko chini mtupu, na chini ya huo mguu kuna kipande cha chupa kimeingia.

Santa akakitoa kwa sindano ya kushonea. Huyu mama ana maneno machache sana, nadhani anayawekea mke mwenza.

Mimi nikasema, "Mama Babra, umeona? Hajalia! Shujaa."

Santa akafuta sindano kwenye kanga. Akasema, "Baba Whitney, angalia huyu mtoto vizuri."

"Namwangalia kila siku, ni mzuri kama baba yake."

Akaenda.

Alhamisi, 22 Machi

Nimeitwa shuleni. Mwalimu wa Whitney anaitwa Madam Lamunu. Ni mwembamba, sauti yake imekwisha kwa kufokea watoto sabini kwenye chumba kimoja.

"Mzazi, mtoto wako ananidharau."

"Ana miaka mitano, Madam. Dharau yake bado ni ya nyonyo."

Hakucheka. Akasema jana alimwita Whitney mbele ya darasa, mtoto akabaki anatafuna kola ya sare. Akamwita tena. Akamchapa kiganjani mara mbili. Mtoto akaangalia fimbo, halafu akaangalia dirisha. Akaongeza mbili. Hakuvuta mkono, hakukunja uso. "Nikaongeza," Madam Lamunu akasema, "kwa sababu wengine wote walikuwa wananiangalia. Mtoto akikukataa machozi mbele ya watoto sabini, kesho nani atakuogopa?"

Nikamwambia, Madam, huyo ni Mbukusu, utachoka wewe kwanza.

Akanisomea mengine. Anateleza kwenye kiti kama gunia halina mahindi. Uji unakauka kwenye kidevu na hajipangusi. Makamasi yanafika mdomoni, hana habari. Anajikojolea halafu anaendelea kucheza. Akimpenda mtoto anamkumbatia mpaka yule mtoto analia. "Ni mvivu," alisema, "na mkaidi. Muhula ujao sijui kama nitakuwa na nafasi."

Nimerudi nyumbani nimemwigiza Madam Lamunu na shingo yake. Loice hakucheka. Alikuwa anatoa mawe kwenye mchele, akaacha.

"Baba Whitney, kuna kitu."

"Kitu gani? Mwalimu amechoka."

"Mwezi jana nilimpiga na ndala. Alimwaga maziwa. Nikampiga, hakulia. Nikampiga tena." Akatoa jiwe moja. "Mpaka mwisho nilikuwa nimesahau maziwa. Nilikuwa nataka tu alie mara moja, ili nijue niko na mtoto."

Nimemwambia alale, kahawa inamchosha. Mvua usiku kucha.

Jumanne, 27 Machi

Mvua. Makaa yamelowa. Watu wanauliza habari ya mtoto wa moto. Nimemtoa mara mbili.

Ijumaa, 30 Machi

Ukisoma hapa soma polepole.

Mvua ilikuja saa nane, ya upepo. Nikavuta sigiri, jiko langu la makaa, nikaliingiza chini ya bati. Wateja watano wakajibana humo humo. Whitney alikuwa nyuma yangu ameegemea, kwa sababu yeye hasimami bila kuegemea kitu: ukuta, mlango, mguu wa mtu asiyemjua. Nilidhani ameegemea benchi.

Nikasikia harufu ya kuungua. Nikageuza chapati. Ilikuwa nzuri. Nikageuza ya pili. Nzuri. Nikamwambia Kidega, "Leo aliyesaga huu unga alisaga na mbuzi ndani." Watu wakacheka. Kidega akasema yeye mbuzi anataka, aongezewe. Wakacheka tena.

Nilifanya utani. Nataka hii ibaki kwenye karatasi. Harufu ilikuwa ya mtoto wangu na mimi nilifanya utani juu yake mara mbili.

Mwanamke mmoja ndiye alipiga kelele. Whitney alikuwa ameegemea sigiri. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo, umelala kwenye ukingo wa chuma vile mtu anaweka mkono kwenye dirisha la gari. Anaangalia matone yanayoanguka kutoka kwenye bati. Midomo inahesabu. Moja, mbili, tatu, tano.

Nikamvuta. Kilichobaki kwenye sigiri siandiki.

Akaniangalia amekasirika. "Baba, umeniharibia hesabu."

Nimembeba kwenye mvua mpaka kliniki ya hapo barabarani. Muuguzi anasafisha, mimi naangalia ukutani, Whitney anaangalia mkono wake vile mtu anaangalia fundi akimshonea gauni. Watu wazima waliokuwa kwenye foleni walitoka nje. Yeye akauliza kama bandeji ni ya kwenda nayo nyumbani.

Loice alifika na vumbi la kahawa kwenye nyusi. Kidega alikuwa amekuja na sisi, alinisaidia kulipa, ni mtu mzuri, sina neno naye. Alitaka tu kumfariji.

"Usiogope, nyabo. Huyu ni mgumu. Kila siku anashika moto pale kwa mumeo na hapati kitu, leo ni bahati mbaya tu."

Loice akasema, "Kila siku?"

Akamsogelea Kidega.

"Anashika moto kila siku?"

Kidega akaangalia viatu vyake. Loice akageuka kwangu. Nilifungua mdomo, na mdomo wangu unajulikana hapa Nakawa, haujawahi kukosa neno hata siku ile polisi walinikamata bila leseni. Haukutoa kitu.

Jumamosi, 31 Machi

Sijafungua kibanda. Loice anaongea na mtoto, anaongea na sufuria, haongei na mimi.

Jioni Santa amekuja. Alikaa mlangoni na hakukubali kiti.

"Baba Whitney, iko kitu nitakuuliza. Siku ya kisu, kule kwenu. Wewe hukulia?"

"Sikulia."

"Lakini uliumia?"

"Mama Babra, niliumia mpaka meno. Nilijiuma ulimi nikameza damu."

"Basi wewe uliumia na ukanyamaza," Santa akasema. "Huyu mtoto hana kitu ya kunyamazia."



Akaendelea. Kwao ni Gulu, alikulia kambini wakati wa vita. "Kambini tulikuwa na watoto hawalii. Lakini wale walikuwa wanasikia uchungu, wamefunga tu mdomo. Ukigusa mmoja ghafla anaruka mpaka huko. Whitney haruki. Nimemmwagia maji baridi nikimwosha, hageuki. Nimemwita, hageuki, halafu nikimshika mabega kwa nguvu anaamka kabisa, anacheka, anaongea vizuri. Hii si roho ngumu. Ni habari hazimfikii."

"Umeona hivyo tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulicheka."

Yule mama niliyesema anaficha maneno. Kumbe alikuwa ananipa, na mimi nayauza na chapati.

Amesema mtoto wa dada yake alipelekwa hospitali moja upande wa Mengo, kuna mama anafanya kazi na watoto wa namna hii. Nimeandika jina kwenye jalada: Moreen.

Jumapili, 8 Aprili, Pasaka

Loice ameenda kanisani na Whitney. Nimebaki na kuku. Nimempika vizuri. Tumekula watatu, mmoja haongei, mmoja hasikii, na mimi ambaye sina la kusema. Mvua ndiyo imeongea.

Jumanne, 10 Aprili

Tumekaa kwenye benchi la Mengo tangu saa moja. Daktari alimwona kwanza, akapima masikio, akampiga magoti kwa kanyundo, akamchoma vidole, akasema mishipa inafanya kazi, masikio yanafanya kazi. Nikauliza, sasa kama kila kitu kinafanya kazi, nani amegoma? Akanipeleka kwa Moreen.

Kumbe Moreen ni Mjaluo wa Siaya, mnene, anavaa raba nyeupe. Kusikia jina langu Sifuna akasema, "Mbukusu. Basi utani tuuweke hapo kwenye kiti, utauchukua ukitoka." Nikauweka.

Amecheza na Whitney saa nzima. Akamfunga macho na kitambaa, akamgusa na pamba, na brashi, na kijiko cha baridi. Kwa pamba Whitney hakujua kama kuna mtu chumbani. Kwa brashi ngumu akasema "mkono." Akamzungusha kwenye kiti mara ishirini. Mimi kichwa kiliniuma kwa kuangalia tu, Whitney akashuka akatembea moja kwa moja. Halafu akamlaza kwenye godoro akamkandamiza na mto mkubwa, polepole, kuanzia miguu. Na mtoto wangu, ambaye kila siku ni kama ametoka kuamka, alifungua macho yote, akasema, "Tena! Weka tena!"

Loice akaanza kulia.

Moreen akatueleza. Akasema mwili wa Whitney unapiga simu kama wa kwako, lakini ubongo wake umeweka simu mfukoni bila mlio. Inatetemeka kidogo, mwenyewe hajui. Moto unapiga, baridi inapiga, mkojo unapiga, jina lake linapiga. Hapokei kwa sababu hajasikia. Si kiburi wala uvivu. "Na si ushujaa, Baba Whitney," akasema, na sijui nani alimwambia.

"Atapona?"

"Hii si malaria. Atajifunza, na nyinyi mtajifunza. Kuna vitu atavisikia zaidi akikua. Moto siwezi kukuahidi."

Akasema ukitaka kumwambia kitu usimwite kutoka mbali. Nenda mbele yake, mshike mabega, akuangalie, halafu sema maneno machache. Mpeleke choo kwa saa, usingoje aseme. Mpe kazi za kutumia nguvu: kubeba, kusukuma, kukanda. Hizo zinamwamsha.

"Kukanda? Madam, mimi nakanda unga kilo kumi kila asubuhi."

"Umepata msaidizi. Mbali na sigiri."

Na la mwisho: kila jioni mkague mwili mzima, kuanzia kichwani mpaka chini ya nyayo, kwa sababu yeye hawezi kukuambia palipouma. "Na uandike," alisema. Nikamwambia daftari ninayo.

Jumatano, 11 Aprili

Loice ameniambia, "Nipe chumvi." Nimempa haraka mpaka imemwagika.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimepanga mstari wa matofali kwenye kibanda. Upande huu ni moto, upande ule ni Whitney. Saa kumi na moja asubuhi amekanda donge lake kwenye beseni kwa mkono mmoja, ule wenye bandeji umelala juu ya goti. Analibonyeza na uzito wote, anatoa ulimi. Kama alivyokuwa anavunja penseli! Ile nguvu haikuwa uharibifu, alikuwa anaitafuta karatasi.

Aliposhuka kwenye kiti nikamwita jina, mara ya tatu akageuka. Nimeandika: mara ya tatu.

Jumatatu, 16 Aprili

Kidega na wenzake wawili. "Sifuna, yuko wapi mtoto wa moto? Nimemleta huyu kutoka Jinja kumwona."

Nikasema onyesho limefungwa.

"Acha hizo, mara moja tu, kidogo."

Nikamwambia Kidega, njoo uweke mkono wako hapa kwenye kikaango, mara moja tu, kidogo. Nilikuwa natabasamu kama kawaida, lakini nadhani jicho lilikataa, kwa sababu wote watatu walirudi nyuma hatua moja. Yule wa Jinja hakununua. Kidega alinunua, akala akiangalia chini, halafu akaniuliza mkono unaendeleaje.

Ijumaa, 20 Aprili

Mvua. Ukaguzi: kichwa sawa, mgongo sawa, goti la kulia limekwaruzwa, hajui wapi.

Jumanne, 24 Aprili

Jumapili nilichoka, sikukagua. Jumatatu nilichoka, nikamwambia Loice nimekagua. Leo Loice amemvua nguo akakuta msumari wa benchi ya kanisa umemchana nyuma ya paja, siku mbili, panaanza kutoa usaha.

Nilijua atapiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alichukua maji ya chumvi, akasema bila kuniangalia, "Baba Whitney, mimi sikuogopi wewe mkorofi. Nakuogopa wewe mchangamfu. Ukicheka nashindwa kujua kama umeona."

Nimekaa nje chini ya bati mpaka miguu ikalowa. Obwona alitoka akakaa karibu. Yeye pia hakufanya utani. Akasema, "Mimi nilimwambia Santa asiingilie mambo ya watu. Nilimwambia huyo mtoto ni jeshi." Akavua kofia, akaishika mkononi. "Kule depo ya mafunzo walitufundisha anayelia apigwe tena. Asiyelia apewe cheo. Nilifikiri ndiyo dunia."

Tulikaa hivyo, wajinga wawili wa daraja tofauti.

Alhamisi, 3 Mei

Siku ya mwisho ya muhula. Nimeenda kwa Madam Lamunu na karatasi ya Moreen na chapati sita kwenye kavera ya plastiki. Chapati akazikataa, akasema asije akaonekana. Karatasi akasoma mara mbili. Sauti yake haikuwepo kabisa.

"Siku ile nilimchapa kumi na mbili," akasema. "Nilikuambia nne. Zilikuwa kumi na mbili."

Nilikuwa nimekuja nimemchukia, nimepanga na maneno. Lakini nilimwona amesimama pale na karatasi, nikajiona mimi nimesimama pale na chapati. Yeye alitaka machozi ya mtoto wangu mbele ya watu, mimi nilitaka makofi. Nikamwambia, "Madam, mimi nilimpa moto."

Amesema nafasi ipo. Atamkalisha mbele, atamshika bega kabla ya kumwita, na asubuhi atambebesha sanduku la vitabu. "Lakini ni watoto sabini," akasema. "Nikisahau?"

Mimi nina mmoja na nilisahau siku mbili.

Jumatano, 9 Mei

Mvua imepungua. Mkono umefunga, kovu ni refu na linang'aa.

Jumamosi, 12 Mei

Asubuhi Whitney alikuwa anaosha beseni bombani. Maji ya Mei ni baridi kama chuma. Akavuta mkono haraka. Mimi nikashtuka nikapiga kelele, "Umesikia? Baridi?" Loice akatoka mbio. Whitney akatuangalia sisi wawili, akarudisha mkono kwenye maji, akauacha hapo.

Sijui kama alisikia baridi au aliona mdudu. Loice anasema baridi. Mimi nimeandika: sijui.

Jumanne, 22 Mei

Mengo tena. Moreen amesoma daftari yote mbele yetu, akicheka mahali ambapo sikutaka acheke na kunyamaza mahali pengine. Akasema, "Baba Whitney, niachie hii hapa kwenye benchi, wazazi wanaosubiri wasome. Karatasi zangu hawasomi." Nikaangalia Loice, kwa sababu aibu iliyomo ni ya nyumba nzima. Loice akasema, "Waachie. Na ile ya ndala usiikate."

Basi wewe uliyekaa kwenye benchi hili na mtoto magotini, sikiliza, mimi ni mfanyabiashara na nina biashara na wewe.

Mtoto wangu halii. Labda siku moja, Moreen hakuahidi. Mimi nimebaki na macho mawili, Loice mawili, Santa mawili, na hayatoshi, nimeshakuonyesha mahali yalipolala. Nakodi ya kwako. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Nakawa, uliza chapati ya Sifuna. Ukipita ukamwona msichana mwenye kovu mkono wa kushoto anavuka mstari wa matofali, au anatembea na kiatu kimoja, au damu inamtoka na yeye anahesabu matone, usimsifu, wala usisimame uone atafanya nini. Piga yowe wewe, kwa niaba yake, kama umeungua wewe, mpaka nigeuke.

Na wa kwako vilevile. Leo ukifika nyumbani mvue nguo, mkague polepole, kichwani mpaka nyayo. Ukikuta kidonda ambacho hakukwambia, nitajie jina lake na anapopenda kucheza, na mimi kila nikimwona barabarani hapa Nakawa nitamlilia bila kuuliza ni wa nani. Nina sauti kubwa, hilo hata polisi wanajua.

Wewe unamlilia wangu, mimi namlilia wako. Umekubali? Andika jina la mtoto wako hapa chini.